Enzi Ile Ilikuwa ya Nani?

Neno lililonisukuma kuandika makala hii ni fupi mno: sisi. Katika darasa letu la usiku, baada ya swala ya Isha, tulikuwa tukizungumzia kuenea kwa Uislamu nje ya Bara Arabu, na ndugu mmoja akasema kwa fahari, "Sisi tuliitawala India zaidi ya miaka 600." Mwenzake akamuuliza babu yake alikuwa sultani wa Delhi mwaka gani. Watu wakacheka, mazungumzo yakasonga mbele. Mimi nikabaki na lile neno. Ndugu yetu ni mtoto wa wakulima wa mpunga wa bonde la Bugarama, na safari yake ya mbali kuliko zote ni Bukavu. Hiyo "sisi" yake imepita njia gani mpaka ikafika kwenye kiti cha enzi cha Delhi?

Nataka kuliuliza swali hili kwa uzito wake. Je, mtu ana haki ya kujivunia yaliyofanywa na wafu kwa kuwa tu anafuata dini waliyoifuata? Na kama anayo haki hiyo, je, anabeba na madeni yao? Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Wahindi, sisi wa Rusizi yanatuhusu nini. Yanatuhusu. Swali la enzi ilikuwa ya nani limekwisha kuua watu hapa kwetu, na nitalifikia hilo.

Kwanza tusijifanye kwamba India iko mbali. Ukishuka kwenye stendi ya Kamembe utauziwa sambusa na chapati, na anayekuuzia hafikirii kwamba anakuuzia chakula cha kigeni. Tunaingia dukani, na neno duka asili yake ni huko, kama zilivyo pesa, gari na laki. Kinyarwanda nacho kinasema iduka. Wajerumani walipotawala hapa, fedha ya koloni lao lote la Afrika Mashariki iliitwa rupia, jina la sarafu ya India, ila juu yake ilikaa sura ya Kaiser Wilhelm II. Pwani nako Waswahili wameishi na wafanyabiashara wa Kigujarati muda mrefu kiasi cha kuwatungia methali: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Na lugha yetu ina tofauti moja ndogo. Mhindi ni mtu wa India. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Herufi moja tu inawatenga. Mtu wa Mombasa au Ujiji aliyenunua kitambaa kwa Bohora au kwa Khoja alijua vizuri kwamba Mhindi wake ni Mwislamu. Naomba msomaji aishike herufi hiyo, tutaihitaji.

Sasa historia yenyewe, kwa haraka. Miji ya bonde la mto Indus, Harappa na Mohenjo-daro, ilistawi kati ya mwaka 2600 na 1900 KK hivi. Ilikuwa na mitaro ya maji machafu ambayo miji mingi ya leo haina, na maandishi yake hayajasomeka mpaka sasa. Zikafuata karne za Veda, kisha dola ya Maurya kuanzia karne ya 4 KK, kisha ya Gupta kuanzia karne ya 4 BK. Masultani wa Delhi wakaanza mwaka 1206, Wamughal mwaka 1526. Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki ikashinda vita vya Plassey mwaka 1757. Uasi mkubwa ukazuka 1857, mwaka uliofuata Malkia akaichukua nchi kutoka mikononi mwa Kampuni, na uhuru ukaja Agosti 1947, nchi ikiwa imekatwa vipande. Ndiyo hayo. Mwanafunzi anaweza kuyakariri kwa juma moja.

Lakini hakuna anayeyakariri hivyo, kama miaka mitupu. Tunayakariri kwa makabati matatu: enzi ya Wahindu, enzi ya Waislamu, enzi ya Waingereza. Makabati hayo yana fundi aliyeyatengeneza. Anaitwa James Mill, Mskoti aliyechapisha historia ya India mwaka 1817. Hakuwahi kukanyaga India wala hakujua lugha yake hata moja, na hakuona aibu kusema hivyo. Alidai kwamba mtu anaweza kuijua India vizuri zaidi akiwa chumbani mwake Uingereza. Kampuni ikamwajiri mwaka 1819, na kitabu chake kikawasomesha vijana waliokuwa wakiandaliwa kwenda kuitawala nchi ile. Tazameni jinsi alivyoyapa majina. Enzi mbili za kwanza zimeitwa kwa dini. Ya tatu haikuitwa enzi ya Wakristo, imeitwa kwa taifa. Maana yake ni kwamba watu wa huko wanatenda kila kitu kwa sababu ya dini zao, na Mwingereza anatenda kwa sababu ya akili yake. Anayekubali majina hayo amekubali hukumu kabla ya kusikiliza kesi. Na ndugu yetu aliposema "sisi tuliitawala," alikuwa, bila kujua, anafungua kabati la Mill na kujitwalia rafu ya katikati.

Makabati yenyewe hayahimili mizigo. Mfalme mashuhuri kuliko wote wa "enzi ya Wahindu" ni Ashoka, na Ashoka alifuata mafundisho ya Budha. Yeye mwenyewe aliamuru ichongwe kwenye mawe kwamba katika vita vyake vya Kalinga, mnamo mwaka 261 KK, waliuawa watu laki moja na laki moja na nusu wakahamishwa kwa nguvu, na kwamba jambo hilo lilimhuzunisha. Wafalme wanaochonga ushindi wao kwenye mawe ni wengi. Anayechonga majuto sikumjua mwingine. Mmweke kwenye kabati gani? Na "enzi ya Waislamu" je? Timur, Mwislamu, aliiteketeza Delhi mwaka 1398, na aliyekuwa akiitawala Delhi alikuwa Mwislamu. Babur alipoanzisha dola ya Mughal mwaka 1526 katika uwanja wa Panipat, aliyemuua ni Sultani Ibrahim Lodi, naye pia Mwislamu. Nikisema "sisi tulishinda Panipat," itanibidi niseme pia kwamba ni sisi tulioshindwa.

Yupo mtu mmoja anayenifurahisha kumweleza zaidi, kwa sababu alitoka upande wetu wa dunia. Malik Ambar alizaliwa Uhabeshi mwaka 1548 hivi. Akauzwa utumwani akiwa mdogo, akapita mikononi mwa mabwana kadhaa katika nchi za Kiarabu, akasilimu, akafundishwa kusoma na kuandika, mwishowe akafikishwa Deccan, nyanda za juu za India, akiwa mali ya waziri mkuu wa usultani wa Ahmadnagar. Waziri huyo naye alikuwa Mhabeshi aliyewahi kuwa mtumwa. Bwana wake alipokufa, Ambar akawa huru, akakusanya wapanda farasi, na Wamughal walipouteka mji wa Ahmadnagar mwaka 1600 yeye akamsimika kijana wa ukoo wa kisultani na kuishika nchi kwa niaba yake kwa miaka 26, mpaka alipofariki 1626. Kwa miaka yote hiyo alipigana na Wamughal. Hakuwangoja uwanjani, alikata njia zao za chakula, akawashambulia usiku, akatoweka milimani. Mfalme Jahangir alimchukia kiasi kwamba alichorwa akikitoboa kwa mshale kichwa cha Ambar kilichochomekwa kwenye mkuki. Ilibidi aridhike na picha, maana kichwa chenyewe hakukipata.

Askari wa Ambar walikuwa nani? Wahabeshi, ndiyo, lakini kwa maelfu walikuwa Wamaratha, yaani Wahindu. Mwaka 1624 huko Bhatvadi aliyashinda majeshi ya Mughal na ya Bijapur kwa pamoja, watawala wao wote wakiwa Waislamu, na upande wake alikuwapo kamanda Mhindu aliyeitwa Shahaji Bhosle. Shahaji ndiye baba wa Shivaji, ambaye leo India inamtukuza kama shujaa wa Wahindu dhidi ya Waislamu. Basi Mwislamu mweusi kutoka Uhabeshi anapigana na mfalme Mwislamu, akisaidiwa na Mhindu ambaye mwanawe na mjukuu wake watakuja kupigana na mfalme mwingine Mwislamu. Mwambieni Mill apange hayo kwenye rafu zake.

Ambar alijenga mji na kuuvutia maji kwa mifereji ya chini ya ardhi. Mji huo, Khadki, aliuanzisha mwaka 1610. Baadaye Aurangzeb akauita Aurangabad kwa jina lake. Mwaka 2023 serikali ikaubadilisha uitwe Chhatrapati Sambhajinagar, kwa jina la Sambhaji, mwana wa Shivaji, ambaye Aurangzeb alimuua mwaka 1689. Waliobadilisha jina walisema wanafuta alama ya watawala wa Kiislamu. Walimpa mji jina la mjukuu wa Shahaji, askari mwenza wa Mwislamu aliyeujenga. Katika mabishano yote ya jina lipi liondoke na lipi liingie, jina la mjenzi halikuwa na wa kuligombania.

Na nisimfanye Ambar kuwa malaika. Mtu huyu aliyeuzwa utotoni alinunua watumwa wa Kihabeshi kwa wingi kujaza jeshi lake. Nikimtaka awe "wetu" itabidi nimchukue na hilo.

Hapa ndipo elimu yetu wenyewe inaponisaidia, na si elimu ya tafsiri za juu. Ni mlango wa mirathi ambao wengi wetu tuliusoma madrasa tukisinzia. Mtu akifa, mali yake haigawanywi hivi hivi. Kwanza zinatolewa gharama za mazishi, kisha yanalipwa madeni, kisha wasia, ndipo warithi wapate fungu lao. Hakuna mrithi anayeruhusiwa kubeba ng'ombe akawaacha wadai mlangoni. Na upande wa pili wa sheria hiyo ni muhimu vilevile: madeni ya marehemu yanalipwa kutoka katika mali yake. Kama hakuacha kitu, au kama wewe hukurithi kitu, mdai hana haki ya kukamata shati lako.

Nipeleke kanuni hii kwenye historia. Anayesema "Taj Mahal ni yetu" amebisha hodi kwenye mirathi ya Wamughal. Vyema, aingie, lakini wadai wako ukumbini. Aurangzeb, mwana wa aliyeijenga Taj Mahal, alimfungia baba yake huyo katika ngome ya Agra mpaka akafa humo mwaka 1666. Alimuua ndugu yake Dara Shikoh mwaka 1659. Aliamuru kubomolewa kwa baadhi ya mahekalu makubwa, likiwemo la Kashi mwaka 1669, akamuua kiongozi wa Masingasinga Guru Tegh Bahadur mwaka 1675, akarudisha jizya mwaka 1679 ambayo Akbar alikuwa ameifuta mwaka 1564. Wengine hukimbilia kwa Akbar, mfalme mpole, kana kwamba mirathi ina mlango wa nyuma. Akbar huyo huyo alipouteka Chittor mwaka 1568 aliamuru mauaji ya maelfu ya watu waliokuwa ndani. Wala Aurangzeb si yule jini wa hadithi: jenerali aliyemtuma kumwandama Shivaji alikuwa Mhindu, Jai Singh, na maofisa Wahindu wa ngazi za juu katika miaka yake ya mwisho walikuwa sehemu kubwa ya maofisa wake kuliko ilivyokuwa kwa Akbar. Mambo ya wafalme ndivyo yalivyo, yanafuata kiti kuliko kibla.

Suratun Nisaa, aya ya 135, inatuamuru waumini tusimame imara kwa uadilifu na tuwe mashahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hata kama ushahidi huo ni juu ya nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu wa karibu. Nimeisoma aya hii mara nyingi nikidhani inazungumzia mahakama. Inazungumzia historia pia. Shahidi na mrithi hawakai kiti kimoja. Mrithi anataka marehemu aonekane mwema ili fungu liwe nono. Shahidi hatafuti fungu. Mwislamu anayelazimika kumtetea Aurangzeb kwa kuwa tu alisali, amejitoa katika ushahidi akajiunga na wanaogombania mali. Na Suratul Baqara, aya ya 134, inatukumbusha kwamba umma uliopita una ulichokichuma nasi tuna tutakachokichuma, na hatutaulizwa walichokuwa wakikifanya wao.

Kwa hiyo fundi cherehani Mwislamu wa leo katika kichochoro cha Delhi, ambaye hakurithi kutoka kwa Babur hata kijiko, hana deni la Babur. Lakini ndilo analodaiwa. Msikiti wa Babri, uliojengwa Ayodhya mwaka 1528, ulibomolewa na umati tarehe 6 Desemba 1992, na katika ghasia zilizofuata wakafa watu wapatao 2,000, wengi wao Waislamu. Tusi walilotupiwa lilikuwa kwamba wao ni watoto wa Babur. Enzi yenu imekwisha, rudini mlikotoka.

Nisimameni hapo kwenye tarehe hiyo. Wiki mbili kamili kabla yake, tarehe 22 Novemba 1992, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano Kabaya, kaskazini-magharibi mwa nchi yetu, akazungumzia kuwarudisha Watutsi Ethiopia kwa njia ya mkato, mto Nyabarongo. Wote waliomsikia walielewa kwamba mtu hasafirishwi kwa Nyabarongo akiwa hai. Mugesera alihukumiwa kifungo cha maisha hapa Rwanda mwaka 2016. Nchi mbili zisizojuana, siku kumi na nne kati yao, hoja moja: ninyi ni wa kuja, zama zenu zimepita.

Maana nasi tulitengenezewa makabati. Mpelelezi Mwingereza John Speke aliandika mwaka 1863 nadharia kwamba wafugaji waliotawala katika maziwa makuu walitoka upande wa Uhabeshi, wakawakuta wenyeji wakawatawala. Wakoloni na wamisionari waliokuja nyuma yake wakaikamilisha kwa tabaka tatu: kwanza Watwa wawindaji, kisha Wahutu wakulima, kisha Watutsi wenye ng'ombe. Kila tabaka enzi yake, kila enzi mwenyewe. Watu waliokuwa na lugha moja, mfalme mmoja, koo zilizochanganyika na Mungu mmoja waliyemwita Imana, wakagawanywa kama vile walishuka kutoka magari matatu tofauti. Kuanzia miaka ya 1930 Wabelgiji wakaandika jambo hilo kwenye vitambulisho. Shule zikalifundisha. Aliyelipenda alijivunia kutawala; aliyelichukia alihesabu miaka ya kutawaliwa; wote wawili walikuwa wamekubali kabati. Na mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia uwanja wa Kamarampaka hapa kwetu Cyangugu walitolewa humo na kuuawa kwa sababu ya somo la historia. Mtoto wa miaka mitatu alidaiwa deni la mfalme wa karne ya kumi na tisa, ambaye hakumwachia hata ndama.

Hiyo ndiyo sababu siwezi kucheka sana ndugu anaposema "sisi tulitawala." Ni ile herufi moja. India nayo iliponzwa na herufi hiyo: pale Mhindi alipolazimishwa kuwa Mhindu, na asiye Mhindu akaambiwa si Mhindi. Julai 1947 Uingereza ilimleta mwanasheria Cyril Radcliffe, ambaye hakuwa amefika India hata siku moja, achore mpaka kati ya India na Pakistani. Alipewa majuma matano. Mpaka ulitangazwa tarehe 17 Agosti, siku mbili baada ya uhuru, kwa hiyo wako watu waliosherehekea bendera bila kujua wako nchi gani. Watu milioni 14 hivi walihama, na makadirio ya waliokufa yanaanzia laki mbili mpaka milioni mbili. Sisi tunaoishi mpakani tunaijua kazi ya wachoraji wa mbali. Mwaka 1910 Wajerumani na Wabelgiji waligawana ziwa Kivu, kisiwa cha Idjwi kikaangukia Kongo, na mpaka leo shangazi yuko ng'ambo hii na mjomba ng'ambo ile.

Kuna mirathi ambayo bado ina mali, na hapo sisemi tusahau. Almasi ya Kohinoor ilitolewa kwa Waingereza kwa mkataba wa mwaka 1849, uliotiwa saini na mfalme wa Punjab aliyekuwa mtoto wa miaka kumi, na leo imo katika vito vya taji, London, inaonyeshwa kwa tiketi. Kabla ya hapo Nader Shah, Mwislamu, alikuwa ameipora Delhi mwaka 1739. Pale mali ilipo mkononi mwa mtu, mdai na aende. Ninachokataa ni kumdai mtu kwa jina lake la Ijumaa.

Najua pingamizi, na si jepesi. Kijana Mwislamu wa Rwanda ameambiwa tangu utoto kwamba dini yake ililetwa na maaskari na wachuuzi waliofuatana na Wajerumani. Msikiti wa Al-Fatah wa Nyamirambo ulijengwa mwaka 1913 tu. Chini ya Wabelgiji Waislamu walitengewa mitaa yao, iliyoitwa kambi za Waswahili, na shule zilikuwa mikononi mwa makanisa, wazee wengi wakaogopa kuwapeleka watoto wao wasije wakabatizwa. Katika tabaka zile tatu za historia sisi hatukuwa na tabaka hata moja. Mpaka leo, kwa Kinyarwanda, kumwita mtu umuswahili kunaweza kumaanisha Mwislamu, na kunaweza kumaanisha mjanja wa mjini asiyeaminika. Mtu aliyenyimwa historia ya nyumbani anatafuta ya mbali, tena yenye kuba za marumaru. Ukimnyang'anya Delhi, utambakishia nini?

Jibu la haraka ni kumwambia anayo ya hapa hapa iliyo bora: mwaka 1994 Waislamu wengi waliwaficha majirani zao majumbani na misikitini, na jambo hilo limesemwa na walionusurika wenyewe. Ni kweli. Lakini angalia jinsi tunavyolisema: "Sisi hatukuua." Tena lile neno. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura lililochapisha zile "amri kumi" za chuki Desemba 1990, alikuwa Mwislamu. Mahakama ya Arusha ilimhukumu mwaka 2003, na baada ya rufaa anatumikia miaka 35. Tukitaka kuchukua sifa za waliofungua milango yao kama mali ya ukoo, Ngeze naye yumo ukoo huo huo. Aliyefungua mlango usiku ule alifungua yeye, kwa mkono wake, akijua atakachofanywa akigunduliwa. Thawabu zake ziko kwa Mola wake. Mimi sikuwa nimezaliwa.

Basi kijana yule abaki na nini? Nadhani anaweza kubaki na India yote, Ashoka akiwemo, kama msomaji anavyobaki na kitabu alichokipenda bila kudai kwamba alikiandika. Anaweza kumpenda Ambar kwa subira yake na kuchukizwa na soko lake la watumwa. Mapenzi ya namna hiyo hayahitaji hati ya kumiliki, na hayampi jirani sababu ya kukudai.

Nikitafutiwa Mwislamu aliyeishi na swali hili mpaka mwisho, nitamtaja Maulana Abul Kalam Azad. Alizaliwa Makkah mwaka 1888, mama yake Mwarabu, kwa hiyo kwa hoja ya "rudini mlikotoka" yeye alikuwa na pa kurudi kuliko wote. Alikuwa mwanachuoni wa tafsiri ya Qur'ani na pia rais wa chama cha Congress wakati wa miaka migumu ya kudai uhuru. Mwaka 1940, huko Ramgarh, alisema waziwazi kwamba yeye ni Mwislamu na ni Mhindi, na kwamba karne kumi na moja za maisha ya pamoja zimewapa watu wote wa nchi ile lugha, mashairi, mavazi na desturi ambazo hakuna awezaye kuzigawa. Alipinga kugawanywa kwa nchi akashindwa, na Waislamu wengi wenzake walimwita msaliti. Oktoba 1947, Delhi ikinuka moshi na familia zikifunga mizigo kwenda Pakistani, alisimama mbele ya umati katika Msikiti wa Ijumaa uliojengwa na Shah Jahan, akawauliza wanakwenda wapi na kwa nini. Wengine walifungua mizigo yao, wengine walikwenda. Yeye akawa waziri wa kwanza wa elimu wa India huru, akafariki Februari 1958. Kaburi lake liko hapo hapo, hatua chache kutoka kwenye ngazi za msikiti ule.